Mwana na Vita vya Babaye: Shajara, Masimulizi na Sanaa katika Kumbukumbu ya Vita vya Wanandi

1. Jina la mahali

Majina ya mahali yastahili kusomwa kwa makini yale yale ambayo mhakiki huyatumia katika kusoma mashairi. Elgon View, mtaa wa makazi ulioko kusini mwa kitovu cha Eldoret, ni mfano unaofaa. Jina hilo la Kiingereza lina maana ya mahali pa kuutazamia Mlima Elgon, nao mlima huo uko kaskazini-magharibi, mbali na mji. Jina linamdhania mtu aliyeketi barazani kwa utulivu, anayeuona mlima kuwa pambo la upeo wa macho yake. Halimtaji aliyelisha mifugo yake hapo zamani, wala halisemi ni kwa njia gani baraza hiyo ilipatikana. Zaidi ya hayo, kwa kumwelekeza mtazamaji kaskazini-magharibi, jina humfanya avipe kisogo vilima vya Nandi vilivyoko upande wa kusini, ambako vita vya miaka kumi vilimalizika mwaka 1905, miaka mitatu tu kabla ya msafara mkubwa wa Makaburu kuwasili katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908.

Makaburu hao nao walikuwa watu wa vita. Walitoka Afrika ya Kusini baada ya vita vya 1899 hadi 1902 kati yao na Waingereza, na walikuja na kumbukumbu zao, makanisa yao na lugha yao. Hivyo, katika ardhi moja zilikutana kumbukumbu za vita viwili, na kila upande ulikuwa na wana wa kuzirithi. Leo Eldoret, ambayo hapo mwanzo ilijulikana kwa namba 64 ya shamba ilipoanzia, imekuwa jiji tangu mwaka 2024, na wanaoishi Elgon View ni Wakenya wa asili mbalimbali. Hata hivyo jina limebaki, na kwa kubaki kwake linazua swali linalowahusu moja kwa moja wanaofundisha fasihi simulizi: mzazi aliyeonja vita humwachia mwanawe nini, na kwa umbo gani?

Jibu la kawaida husema kwamba mzazi huacha habari, na kwamba kazi ya mtafiti ni kuzichuja habari hizo ili apate zilizo kweli. Makala haya yanadai kwamba jibu hilo halitoshi. Kumbukumbu ya mzazi huhitaji pia jukwaa, yaani mahali, wakati na desturi ya kuikabidhi, pamoja na mwana aliye huru kuipokea. Palipo na jukwaa, hata kumbukumbu yenye mashaka huvuma. Palipovunjwa jukwaa, hata kumbukumbu thabiti huonekana kuwa uvumi. Vita vya Wanandi vinaonyesha jambo hili kwa uwazi wa pekee, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na baba na zote mbili zilikuwa na mwana.

2. Kifo cha tarehe 19 Oktoba 1905

Upinzani wa Wanandi dhidi ya utawala wa Waingereza ulianza kuwa vita vya wazi mwaka 1895. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ikapita pembezoni mwa nchi ya Wanandi, na katika miaka hiyo yote serikali ilituma majeshi mara kwa mara bila ya kuwashinda kabisa. Aliyekuwa mhimili wa upinzani huo ni Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, mtu wa ukoo wa Talai. Babaye, Kimnyole arap Turukat, aliuawa na Wanandi wenyewe mwaka 1890, naye ndiye anayesemwa kuwa alitabiri ujio wa nyoka wa chuma atakayepita katika nchi yao akitema moshi.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikutana na ofisa wa King's African Rifles, Kapteni Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mapatano. Koitalel hakurudi. Aliuawa hapo hapo pamoja na baadhi ya watu wake. Baada ya hapo jeshi kubwa liliingia Nandi, maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakatwaliwa, na Wanandi waliokuwa karibu na reli wakahamishwa kwa nguvu na kuwekewa mipaka. Habari hizi hazibishaniwi na upande wowote. Kinachobishaniwa ni dakika chache za mkutano: nani alimhaini nani.

Yafaa kuangalia kwamba masimulizi ya pande zote mbili yana muundo mmoja. Katika kila upande kuna mkutano wa amani, kuna mkono wa salamu, na kuna hila. Tofauti iko katika mwenye hila. Meinertzhagen anaeleza kwamba Wanandi walimtegea na kwamba alitenda aliyoyatenda ili kuokoa maisha yake. Wanandi husimulia kwamba Orkoiyot alikuja kwa amani akapigwa risasi wakati wa kupeana mkono. Msomaji wa fasihi atatambua hapa kisa kimoja chenye wahusika waliobadilishana nafasi. Swali la mhakiki basi ni hili: kwa nini kwa muda mrefu mojawapo ya masimulizi hayo liliitwa "chanzo" na la pili likaitwa "hadithi za wazee"?

3. Shajara kama kazi ya usanii

Masimulizi ya Meinertzhagen yamo katika shajara yake ya miaka ya 1902 hadi 1906, iliyochapishwa mwaka 1957 kwa jina la Kenya Diary. Shajara ni fani yenye mvuto wa pekee. Huahidi kwamba maneno yaliandikwa usiku ule ule wa tukio, kabla ya mwandishi kujua mambo yatakavyoishia, na kwamba hayakuandikwa kwa ajili ya msomaji. Tarehe iliyowekwa juu ya kila ukurasa hutenda kazi ya shahidi. Kwa ajili ya ahadi hiyo, wasomaji wengi huisoma shajara kama watu wanaochungulia dirishani, wakasahau kwamba pazia lilifunguliwa na mwenye nyumba.

Katika habari hii, pazia lilifunguliwa miaka zaidi ya hamsini baada ya tukio, na mwenye nyumba akiwa na sababu nzuri za kupanga samani zake. Mabaraza matatu ya uchunguzi yalikuwa yamelichunguza tendo lake. Yalimwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondolewa katika Afrika ya Mashariki. Shajara iliyochapishwa mwaka 1957 ni utetezi wa mtu aliyeshinda kesi yake bila ya kushinda imani ya wakubwa wake. Hilo peke yake halitoshi kuiita shajara uongo, ila linatosha kuitambulisha aina yake: ni hotuba ya mahakamani iliyovishwa vazi la kumbukumbu za faragha.

Kuna ushahidi mwingine unaotoka mahali pasipotarajiwa. Meinertzhagen alikuwa pia mtaalamu mashuhuri wa ndege, na mkusanyo wake wa ndege waliokaushwa uliheshimiwa sana. Katika miaka ya 1990 wataalamu, miongoni mwao Alan Knox na Pamela Rasmussen, walionyesha kwamba baadhi ya ndege hao walikuwa wameibwa katika mikusanyo ya watu wengine na kubandikwa vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Aina moja ya bundi wa India haikuonekana kwa miaka mingi, mojawapo ya sababu ikiwa watafutaji walielekezwa na kibandiko cha uongo. Ndege huyo alionekana tena mwaka 1997, baada ya kutafutwa kwingine. Mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima akidai kwamba sehemu kubwa ya sifa na shajara za Meinertzhagen ilikuwa ya kubuni.

Mfano wa ndege una funzo kubwa kwa wanafasihi. Ndege ni ndege wa kweli, wenye manyoya ya kweli. Kilichoghushiwa ni kibandiko. Hivyo ndivyo shajara inavyoweza kuwa. Inaweza kujaa mvua za kweli, vilima vya kweli na majina ya kweli ya maofisa, na juu ya vyote hivyo kikabandikwa kibandiko kinachoeleza nani alikuwa mwovu. Wingi wa mambo madogo yaliyo sahihi hauthibitishi jambo kubwa moja. Kinyume chake, mambo madogo ndiyo yanayomlewesha msomaji hata akalimeza lile kubwa bila ya kutafuna.

Lugha ya shajara nayo ina ushahidi wake. Meinertzhagen humwita kiongozi wa Wanandi "Laibon". Neno hilo ni la Kimaasai. Wanandi husema Orkoiyot, na cheo hicho kina historia, miiko na mipaka yake katika jamii yao. Mtu aliyedai kuyajua mawazo ya siri ya adui yake hakukijua, au hakujali kukitumia, cheo cha adui huyo katika lugha yake mwenyewe. Kosa la namna hii lingalifanywa na mwanafunzi katika utafiti wa nyanjani, mhadhiri angalitia alama nyekundu kando yake na kuuliza: mkalimani alikuwa nani? Swali hilo yafaa liulizwe kwa kila ukurasa wa shajara za wakoloni. Mazungumzo mengi yanayosimuliwa humo kwa Kiingereza safi yalipita kwanza katika kinywa cha mkalimani, na mara nyingi mkalimani huyo hatajwi.

Hivyo ndivyo ulivyo urithi ambao baba mmoja aliwaachia wanawe: kitabu kilichochapishwa, kinachopatikana katika maktaba, chenye tarehe, chenye mashaka.

4. Mwana aliyenyimwa jukwaa

Baba wa pili hakuandika. Hata hivyo lingekuwa kosa kusema kwamba hakuacha njia ya kukumbukwa. Neno arap lililomo katika majina ya Kinandi maana yake ni "mwana wa", na kila linapotajwa humkumbusha msikilizaji kwamba mtu hasimami peke yake duniani. Juu ya majina kulikuwa na marika, na juu ya marika kulikuwa na sherehe ya saget ab eito, ambapo kwa kuchinjwa fahali mweupe rika lililotangulia lilikabidhi ulinzi wa nchi kwa rika lililofuata. Mhakiki wa sanaa za maonyesho anaweza kuitazama sherehe hiyo kama tamthilia kuu ya jamii. Ilikuwa na hadhira, ilikuwa na maleba, ilikuwa na maneno na nyimbo zake, na dhamira yake ilikuwa moja: baba anamkabidhi mwana. Yaliyompata rika la baba vitani yalipata hapo nafasi ya kutamkwa mbele ya watu wote, mbele ya wale wanaoweza kusahihisha na wale wanaopaswa kukumbuka.

Barsirian arap Manyei alikuwa mwana wa Koitalel. Alizaliwa mwaka 1882, kwa hiyo wakati wa kifo cha babaye alikuwa mtu mzima, si mtoto wa kusimuliwa. Baadaye alishika cheo cha Orkoiyot. Mwaka 1923 saget ab eito ilikuwa ifanyike. Hali ya nchi ilikuwa mbaya. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ambayo Wanandi wengi waliipigana katika King's African Rifles, sehemu ya ardhi yao ilikatwa ili wapewe askari wazungu waliostaafu; kodi ilikuwa imepandishwa; karantini ya mifugo ilikuwa imefunga soko la ng'ombe; na kipande kilikuwa kimeanza kuning'inia shingoni mwa wafanyakazi. Serikali iliogopa kwamba sherehe ingegeuzwa kuwa maasi. Tarehe 16 Oktoba 1923, Barsirian na wazee wanne walikamatwa na kuhamishwa hadi Meru. Ruhusa ya sherehe ilifutwa. Saget ab eito haikufanywa mwaka huo, na haikupata kufanywa tena.

Barsirian hakuwa huru hadi mwaka 1964, baada ya uhuru wa Kenya. Alikaa kizuizini kwa miaka arobaini na zaidi kidogo, akafariki mwaka 1974. Tarehe hizi zikiwekwa bega kwa bega na tarehe za shajara, hudhihirisha jambo ambalo hakuna hoja ya nadharia ingeweza kulieleza vizuri zaidi. Mwaka 1957, wakati Meinertzhagen alipowatolea wasomaji wa Kiingereza maelezo yake juu ya kifo cha Koitalel, mwana wa Koitalel alikuwa angali kizuizini. Msimulizi mmoja alikuwa na mchapishaji. Wa pili alikuwa na mlinzi mlangoni.

Ni lazima jambo hili likumbukwe kila inaposemwa kwamba masimulizi ya Wanandi juu ya mwaka 1905 yana mapengo, au yanapingana, au yamechelewa kukusanywa. Mapengo mengine yalichimbwa. Aliyepaswa kuyaziba aliondolewa, na jukwaa ambalo juu yake yangezibwa likapigwa marufuku kwa amri. Kwa mtafiti anayekuja baadaye na kinasa sauti, halafu akalalamika kwamba wazee hawakumbuki vizuri, yafaa kumkumbusha msemo wa wahenga kwamba mkono mtupu haulambwi. Jamii iliyonyang'anywa sherehe ya kukumbuka haiwezi kudaiwa kumbukumbu iliyopangwa kama faili.

Hata hivyo, heshima kwa masimulizi haimwondolei mhakiki wajibu wa kuyapima. Tangu Jan Vansina alipotoa kitabu chake juu ya mapokeo simulizi mwaka 1961, na B. A. Ogot alipoonyesha mwaka 1967 kwamba historia ya Wajaluo wa kusini yaweza kuandikwa kwa kutegemea mapokeo hayo, hapana tena sababu ya kuyaonea haya wala ya kuyaabudu. Utabiri wa nyoka wa chuma, kwa mfano, unajulikana kwetu kutokana na masimulizi yaliyoandikwa baada ya reli kufika. Mhakiki hana budi kuuliza ni kiasi gani cha utabiri huo ni cha Kimnyole na ni kiasi gani kiliongezwa na watu walioiona reli kwa macho yao. Vilevile, masimulizi yanayomweka Orkoiyot katikati ya kila tukio yanaweza kuwafunika mashujaa wengine, viongozi wa vikosi na mabaraza ya wazee, ambao utafiti wa S. K. arap Ng'eny wa mwaka 1970 na wa A. T. Matson wa mwaka 1972 unatusaidia kuwaona. Ukoo wa Talai una haki ya kumkumbuka baba yake. Nchi nzima ya Wanandi nayo ina haki ya kukumbuka baba zake walio wengi.

Lililo muhimu ni kipimo kiwe kimoja. Ikiwa utabiri wa nyoka wa chuma huulizwa ulitamkwa lini na ukakua vipi, shajara nayo iulizwe ilipigwa chapa lini na ikakua vipi. Ikiwa mtambaji huulizwa anapata faida gani katika kusimulia asimuliavyo, ofisa naye aulizwe hivyo hivyo. Masikio yanayomsikiliza mzee kwa shaka na kumsikiliza ofisa kwa imani si masikio ya kitaaluma.

5. Sanaa na wajibu wa kujenga jukwaa

Pale jukwaa la jadi lilipovunjwa, sanaa huitwa kusaidia. Fasihi ya Afrika ya Mashariki inayo mifano miwili yenye kutoa nuru, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza, na yote miwili inahusu vita ambavyo wazazi walivionja na wana wakavirithi.

Wa kwanza ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla yake, wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam walikuwa wamepelekwa vijijini kusini mwa Tanzania kukusanya kumbukumbu za wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Ni vita vilivyopiganwa wakati ule ule Koitalel alipouawa, dhidi ya mkoloni mwingine. Tamthilia ilizaliwa katika mazingira hayo ya kusikiliza. Hussein hakudai kwamba Kinjeketile wake ni yule yule wa historia. Alimtumia mtu huyo kuliuliza swali la imani na silaha. Nguvu ya tamthilia iko mwishoni. Kinjeketile, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Anajua udhaifu wa maji, lakini anajua pia kwamba kauli yake itawafikia watoto na wajukuu, na kwamba adui angependa wana hao waambiwe kuwa baba zao walikosea kupigana. Hapo Hussein amegusa kiini cha suala letu. Vita hupiganwa mara mbili: mara ya kwanza uwanjani, na mara ya pili katika maneno watakayoambiwa watoto.

Jukwaa alilolijenga Hussein ni jukwaa hasa, la mbao na taa, na lugha yake ni Kiswahili, ambayo mjukuu wa mpiganaji wa Kimatumbi na mjukuu wa mpiganaji wa Kingoni waliweza kuisikiliza wakiwa wameketi pamoja. Koitalel hajapata katika tamthilia ya Kiswahili nafasi aliyoipata Kinjeketile. Upungufu huo haufai kuhesabiwa kuwa jambo la Wanandi peke yao.

Mfano wa pili ni Afterlives, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2020, iliyotoka mwaka mmoja kabla ya mwandishi huyo kupewa Tuzo ya Nobel. Hapa vita ni vya Wajerumani na Waingereza katika Afrika ya Mashariki, na wapiganaji ni askari weusi waliowatumikia Wajerumani. Hamza anarudi kutoka vitani akiwa na jeraha mwilini na maneno machache mdomoni. Ilyas, shemeji yake, harudi kabisa. Mtoto wa Hamza anapewa jina la mjomba huyo aliyepotea, na kwa hiyo anarithi swali kabla ya kujua kusoma. Akiwa mtu mzima anakwenda Ujerumani, anafungua nyaraka, na kugundua kwamba mjomba alifika huko, akaimba na kuigiza, na mwisho akafia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen.

Mhakiki anaweza kuona jinsi Gurnah anavyoziheshimu njia mbili za kumbukumbu bila ya kuzichanganya. Kimya cha baba hakivunjwi kwa nguvu. Hamza hageuzwi mwishoni kuwa msemaji hodari anayemwaga kila kitu kwa faida ya msomaji. Nyaraka nazo huleta jibu, lakini huleta jibu kavu, lenye tarehe na mahali, lisilo na sauti ya aliyekufa. Riwaya ndiyo inayobeba kinachobaki katikati ya kimya na karatasi. Dosari moja, ambayo si ya mwandishi peke yake, ni kwamba kitabu kilichojaa watu wanaosema Kiswahili kiliandikwa kwa Kiingereza. Katika baraza la Kiswahili, kisa cha askari hawa kinaingia kama mgeni katika nyumba ya mama yake.

Mifano hii miwili yaonyesha kwamba msanii anayeshika kumbukumbu ya vita vya mzazi ana hatari mbili mbele yake. Moja ni kumfanya mzazi kuwa sanamu: shujaa asiye na woga, asiyekosea, asiye na deni kwa mtu. Nyingine ni kuziba mapengo yote kwa ubunifu, hata mwana wa kesho asijue tena ni wapi baba alinyamaza. Hussein aliiepuka ya kwanza kwa kumpa shujaa wake mashaka. Gurnah aliiepuka ya pili kwa kukiacha kimya kikae.

Kati ya vitu vya sanaa vinavyohusu vita vya Nandi, vilivyosafiri safari ndefu kuliko vyote ni fimbo za uongozi za Koitalel. Meinertzhagen alizichukua baada ya mauaji na kwenda nazo Uingereza. Zilikaa katika nyumba yake, kisha katika mikono ya mwanawe, na mwaka 2006 zikarudishwa Kenya. Tukio hilo lingalitungwa na mwandishi wa riwaya, wahakiki wangalisema kwamba limepangwa mno: mwana wa aliyeua anarudisha alichochukua babaye, lakini mwana wa aliyeuawa, aliyekaa kizuizini miaka arobaini, amekwisha kufa miaka thelathini na miwili kabla ya hapo. Fimbo zilipata mkono wa kuzirudisha na zikakosa mkono ule uliostahili kuzipokea. Nandi Hills leo kuna makumbusho yenye jina la Koitalel. Yanafanya kazi ya heshima, ila makumbusho huonyesha vitu vilivyonyamaza. Fimbo ya Orkoiyot ilikuwa neno katika sentensi ndefu ya sherehe, na kuirudisha fimbo bila ya kuirudisha sentensi ni kurudisha nusu.

6. Kazi iliyo mbele ya wanalugha

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya kale na hayana madhara. Mwaka 2009 wazee wa Kenya walifungua mashtaka mjini London juu ya mateso ya wakati wa Mau Mau. Walisimulia kwa vinywa vyao waliyotendewa. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha maelfu ya mafaili ya makoloni, na mafaili hayo yakaunga mkono mengi ya yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema siku zote. Mwaka 2013 ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000. Watu wa Talai na Wakipsigis nao wamepeleka madai yao ya ardhi na uhamisho mbele ya vyombo vya kimataifa. Katika madai ya namna hii, kumbukumbu ya mzazi huwa ushahidi, na namna ilivyorekodiwa huamua kama itasikilizwa au itatupwa.

Wajibu wa idara za Kiswahili hapa ni wa kiufundi na wa kimaadili kwa pamoja. Kwanza, masimulizi ya vita yarekodiwe katika lugha aliyoyapokelea msimulizi, iwe Kinandi au nyingine, na yachapishwe katika lugha hiyo, Kiswahili kikiwa kando yake ukurasa kwa ukurasa. Tafsiri isiyoandamana na matini asilia humrudisha mtafiti katika hali ya Meinertzhagen na mkalimani wake asiye na jina. Pili, msimulizi atambulishwe kwa namna atakayoiridhia, pamoja na aliyemsimulia yeye, ili mlolongo wa baba na mwana uonekane. Tatu, kimya kiandikwe. Mahali mzee aliposita, alipobadili habari, alipokataa kuendelea, pawekewe alama kama pale alipoimba. Nne, mazungumzo yafanywe mbele ya hadhira ya rika na watoto kila inapowezekana, kwa maana mzee aliyefungiwa chumbani na kinasa sauti amenyimwa wale wanaopaswa kumsahihisha na wale wanaopaswa kumrithi.

Vyumba vya kufanyia kazi hiyo vipo Eldoret. Katika Elgon View na mitaa inayofanana nayo wanaishi wajukuu na vitukuu vya waliopigana Nandi, vya waliochukuliwa kuwa askari katika vita viwili vikuu, na vya wapagazi wao. Wengi wao husema na watoto wao kwa Kiswahili na Kiingereza, na babu akija kutembea husalimiwa kwa heshima, akapewa chai, kisha televisheni ikawashwa. Kila jioni ya namna hiyo ni saget isiyofanyika, na safari hii hapana amri ya serikali iliyoizuia. Amri ya mwaka 1923 ilimhitaji polisi. Ile inayotufunga sasa haimhitaji mtu yeyote isipokuwa mwana asiyeuliza.